Kibanda Namba Moja, Soko la Kwa Mbuvi

Kwa Mbuvi, karibu na Mutomo
3 Juni 1986

Mwanangu Mutie,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Huku tu wazima, ila mbuzi mmoja anakohoa. Jana watu wa baraza walipiga rangi mikwaju yote ya soko, wakasema itakatwa tujengewe vibanda vya mabati. Nikawacheka. Nikawaambia anayechora ramani za miji huko Kitui ni mwanangu, na chini ya mkwaju wa kwanza ndipo bibi yake aliuza kunde, akaniachia mimi hiyo nafasi. Wakasema ramani ni yako. Niandikie kwamba ni waongo.

Mama yako,
Nzilani

Kitui, 20 Juni

Mama mpendwa,

Natumai u mzima; mimi sijambo. Si waongo. Mama, mji si boma la mbuzi! Waheshimiwa wakipita na magari wanaona matawi tu, hawajui kama kuna soko. Kuuza chini ya mti ni ushamba. Nimekupa kibanda namba moja, mbele kabisa. Wenzako watakuonea wivu.

Mwanao,
Mutie

Kwa Mbuvi, 16 Oktoba

Bwana Mchoraji,

Hujambo? Sisi twapumua. Ndani ya mabati yako maziwa yanaganda kabla ya saa nne. Muthoki, mke wa ndugu yako, alizimia humo na mtoto mgongoni. Muli mdogo, mwenye jina la baba yako, alikauka midomo mpaka akawekewa maji hospitalini. Amepona, lakini si kwa akili zako.

Nilikuona siku ya ufunguzi. Ulisifu mabati ukiwa wapi? Chini ya hema! Mlilibeba kutoka Kitui, mkalisimamisha kando ya visiki vya mikwaju yetu. Msomi mzima anakata kivuli, kisha anakodi kivuli! Niliona aibu kukuita mwanangu mbele za watu.

Sote tumehamia uwanja wa kanisa, kwenye miti. Vibanda vyako vina mbuzi, nao huingia jua likishazama.

Namba moja sijampa mtu. Ukija Krismasi utakaa humo mchana kutwa, chakula nitakuletea. Ukishaiva, toka uje utusaidie kupanda miche.

Mama yako, bado,
Nzilani

Kitui, 12 Desemba

Mama,

Salamu kwa wote. Krismasi hii sitaweza kuja, kazi ni nyingi ofisini. Tena nasikia joto limezidi huko.

Mwanao,
Mutie