Nilivyocheka Juu ya Mnara wa Makatumbe

Temeke, Dar es Salaam

Dada yangu mpenzi Nyanzala,

Shikamoo dada. Natumaini umeshakaa chini na mtoto amelala, maana barua hii haisomwi kwa kusimama. Habari za Tabora? Shemeji kifua kimepoa? Na wazee wetu wamekizoea kijiji kipya? Niliposikia wamehamia kwenye ujamaa nilicheka peke yangu nikimfikiria baba, alivyokuwa anapenda kukaa mbali na watu, leo jirani anamsikia akikohoa. Mie huku ni mzima. Kiwandani kitambaa kinatoka, mgongo unauma kidogo, si wa kulalamikia.

Dada, nataka kuolewa. Na mume mwenyewe nusura nimkose kwa ujinga wangu wa kucheka. Ngoja nikueleze tangu mwanzo, halafu nina ombi, na ombi lenyewe hakuna wa kulibeba ila wewe.

Mama mwenye nyumba wangu, Bi Tausi, ni Mzaramo wa hapa hapa. Kaka yake alimwachia mtoto, Shomari, sasa ni mtu mzima, kazi yake ni kutunza taa kwenye mnara wa Makatumbe, kile kisiwa kidogo nje ya bandari kinachoongoza meli. Anakaa huko kwa zamu, zamu ikiisha anarudi kwa shangazi yake kupumzika. Sasa unajua sie Wanyamwezi na Wazaramo tulivyo watani. Siku niliyohamia alinikuta na godoro kichwani, akapiga kelele, "Shangazi, mpagazi wako amefika! Huyu ndiye mke wangu." Nikamjibu, "Mume gani wewe, si umeuza minazi ya babu yako ukaichezea ngoma?" Ndiyo ikawa salamu yetu. Akija anachota sukari yangu bila hodi, anasema mali ya mke ni ya mume. Mie nikimbamba amelala barazani namvua kofia, mpaka aikomboe kwa nazi. Makelele matupu, nyumba nzima inacheka.

Idi ikamkuta kisiwani. Siku ya pili yake Bi Tausi akapakia pilau kwenye sufuria, akaifunga kwa kitambaa, akasema, "Kalunde, vaa, tunampelekea mwanangu chakula." Ipo boti ya injini inayopeleka maji na mafuta huko mnarani, na nahodha wake ni mtu wa mtaani kwetu. Tukapanda.

Dada, sijui nianzie wapi. Mie niliyekulia kwenye vumbi na miombo nilishika ubao kwa mikono miwili, nikasoma kila dua niliyofundishwa chuoni. Kisha nikafumbua macho. Maji yalikuwa ya kijani, mbele yakawa buluu, mbele zaidi yakawa rangi ambayo hata kiwandani kwetu hatujawahi kuichovya kwenye kitambaa. Mji ukawa mdogo nyuma yetu, na makelele yake yote yakaisha. Bi Tausi alikuwa amepakata sufuria yake. Nilitamani tusifike.

Kisiwa chenyewe ni jiwe. Jiwe la matumbawe, limeliwa na bahari kwa chini mpaka limebaki kama uyoga, na juu yake miti ya mikadi na vichaka vinavyolala upande mmoja kwa upepo. Ndege membe weupe wamejaa, hawaogopi mtu. Kwenye mawe kuna vidimbwi vilivyoachwa na maji yakikupwa, ukiinama unaona visamaki vyenye milia vinakuja kukuangalia wewe. Nilikaa hapo muda mrefu hata pilau nikaisahau. Na katikati umesimama mnara, mweupe, mrefu. Waliujenga Wajerumani, wakaenda zao, wakaja Waingereza, wakaenda zao nao, sasa taa tunaiwasha wenyewe.

Shomari akanipandisha juu kwa ngazi inayozunguka na kuzunguka. Ndani kuna baridi kama mtungini, harufu ya mafuta na ya shaba iliyosuguliwa. Huko juu kumbe taa yenyewe si kubwa, vikubwa ni vioo vinavyoizunguka, vimekatwa-katwa kwa ustadi. Mchana wanavifungia mapazia, maana jua likiviingia linaweza kuwasha moto. Lakini alinifungulia pazia kidogo tu. Dada, rangi zote za upinde wa mvua zikamwagika ukutani, kwenye gauni langu, kwenye mikono yangu. Nikawa nageuza viganja, nazishika, hazishikiki. Yeye alikuwa ananiangalia mie, haangalii rangi.

Tukatoka nje kwenye kibaraza cha juu. Upepo, bahari pande zote, hakuna sauti ya mtu. Akasema taratibu, "Kalunde, nataka nikuoe. Ukikubali nitatuma wazee kwa baba yako."

Nikacheka, dada! Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mtu ameniita mke wangu tangu siku ya godoro, leo nitajuaje kwamba hatanii? Nikamwambia, "Na mahari utalipa nini, kaa wa mawe haya?" Yeye hakucheka. Alisema "Haya," akaingia ndani, akaanza kufuta kioo ambacho kilishang'aa. Na mie mjinga, nikashuka ngazi nikipiga kelele, "Bi Tausi, mwanao kaniposa huko juu, mahari ni kaa!" Watu wa boti wakaangua kicheko. Bi Tausi akawa anafunga sufuria yake tu.

Wakati wa kuondoka Shomari alitufungulia kamba. Akasema, "Karibu tena, Ndugu Kalunde." Ndugu! Kama tuko mkutanoni kwa mjumbe wa nyumba kumi. Tulishafika katikati ya maji ndipo neno lile likaniingia.

Zamu ikaisha akarudi Temeke. Akanisalimu vizuri, habari za kazi, habari za nyumbani, kwa adabu zote. Sukari yangu hakuigusa. Nilipita mbele yake na ndoo ya maji kichwani makusudi, nikapunguza mwendo, hakuniita mpagazi. Kofia yake ameiacha barazani, nikaichukua, nikasubiri. Akaja akasema, "Naomba kofia yangu, ndugu." Nikampa. Dada, nikaenda kujifungia chooni nikalia. Hapo ndipo nilipojua kumbe mie mwenyewe nampenda, na siku zote nilikuwa nasubiri zamu iishe kama mtu anayesubiri mshahara.

Alipoondoka tena nikamwendea Bi Tausi jikoni. Alikuwa anakuna nazi, hakuniangalia. Akasema, "Unadhani mie nilipanda boti na magoti haya kwa ajili ya pilau? Aliniambia kabla ya Idi. Nilikupeleka nikusikie ukijibu. Umejibu, nimesikia."

"Nilidhani utani, bibi."

"Utani una mahali pake. Mtu akikupandisha mpaka juu kule, watu wote amewaacha chini, anamtania nani?" Akakuna, akakuna. "Na sasa ameomba uhamisho. Anataka kwenda kwenye mnara wa kule Mtwara."

Mtwara, dada!

Jumapili iliyofuata nikaenda bandarini peke yangu. Nahodha akanichokoza, "Umefuata kaa zako?" Nikamwambia ndiyo, niwafuate kabla hawajaondoka. Njia nzima nilikuwa natafuta maneno. Nikisema nimekubali, ataona namtania. Nikilia, ataona namtania vizuri zaidi. Kila neno langu kwa mtu yule nimeshalichezea.

Tulikuta maji yamekupwa, boti haikuweza kusogea. Nikapandisha khanga nikashuka, nikatembea juu ya mawe, maji magotini. Yeye alikuwa kwenye mlango wa mnara na ndoo mkononi, ananitazama. Nilipomkaribia nilipiga magoti mle mle majini, nikainamisha kichwa, nikapiga makofi taratibu, vile mama anavyompokea baba akirudi safari.

Ndoo ikamtoka. Akaja mbio, "Umeumia? Mawe haya yanateleza!" Akanishika mkono aninyanyue. Nikagoma.

"Sijaanguka, Shomari. Nakusalimu. Kwetu mke anamsalimu hivi mumewe."

Akasimama. Maji yanampiga miguuni, visamaki vinapita katikati yetu. "Huu nao ni utani?"

"Si utani. Tuma wazee."

"Apa."

"Wallahi nakwambia."

Basi hakujua kwetu mwanamume anaitikiaje, masikini. Alitazama huku na huku, mwisho akapiga magoti naye mle majini na suruali yake ya kazi. Tukawa tumetazamana, tumelowa, hakuna aliyecheka. Jua lilikuwa juu yetu, membe wanazunguka mnara, na mie nilihisi kama vile siku ile ilikuwa imeanza zamani sana. Mpaka leo nikiwa mashineni, makelele yote yale, nafumba macho kidogo na niko pale.

Uhamisho ameshaenda kuuzuia. Sasa wazee wake wanakuja huko kwa treni, baba yake mdogo na rafiki wa marehemu baba yake, wakishamaliza mavuno ya nazi. Na hapa ndipo ombi langu. Dada, unamjua baba. Akiona Wazaramo wawili wameingia mlangoni atawamwagia majivu, atawanyang'anya viatu, atawaambia binti yangu simtoi kwa wacheza ngoma. Nao ni Wazaramo, watamjibu, na watarudi Dar na majibu ya utani. Wapokee wewe stesheni. Wapeleke mwenyewe kijijini, maana nyumba mpya hawaijui. Na kabla hawajaingia, mwite baba pembeni umwambie mwanao Kalunde ameshampigia magoti aliyewatuma, si utani.

Nisalimie shemeji na wanao wote. Mama mwambie namuota, na mtu mwenyewe anaswali na hanywi pombe. Bibi mzaa mama mpelekee khanga niliyoifunga na barua hii. Shangazi mwambie aanze kuzoesha koo kwa vigelegele. Baba mpe shikamoo yangu. Wageni hao awatanie mpaka mwakani akitaka, majivu nayo yapo tele, ila aseme ndiyo kwanza.

Ni mimi mdogo wako ninayekutegemea,
Kalunde