Kuigawa Ngurumo

Bukavu, tarehe 4 Mei 2021

Kwa Shangazi Kuluthumu, Majengo, Goma

Assalam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima katika saumu, na kwamba mgongo umepunguza maudhi. Sisi huku hatujambo. Nimeituma kwa boti kwa kuwa hoja nzito haifai kusomwa vipande vipande kwenye simu.

Mwisho wa mwezi huu, ninyi wanahisa wa Ngurumo mtapiga kura kuamua iwapo kampuni hiyo, inayotawala teknolojia ya Goma nzima, igawanywe sehemu tatu: antene za intaneti, utumaji wa pesa kwa simu, na maduka ya simu. Najua kwamba hisa alizokuachia marehemu mume wako, Papa Idriss, ndizo zinazokulisha na kumsomesha binti yako Asma. Kwa heshima zote, nakuomba ukubali. Katika kazi yangu ya kumaliza masomo, ambayo jopo la walimu liliisifu, nilionyesha kwamba faida ya utumaji wa pesa humezwa na hasara ya maduka, hivyo mnunuzi wa hisa haoni thamani halisi ya chochote. Zikitenganishwa, kila moja itaonekana ilivyo, na bei ya hisa itapanda.

Mwana wa kaka yako,
Ridhwani

*

Majengo, 15 Mei 2021

Mutoto wangu Ridhwani,

Aleikum salaam, na Idi njema. Wote wazima. Mgongo upo, unanisalimia kila asubuhi. Barua yako Asma alinisomea, akadhani imetoka kwa gavana.

Kura yangu ni hapana. Babu yako, muzee Kitwana, alipofariki, tuligawana malori yake matatu kwa kuchota vikaratasi. Baba yako akachota Fuso jipya, mpaka leo anatembea kifua mbele. Mimi nikachota lile lililolala njia ya Walikale bila injini. Sasa Ngurumo ikikatwa, nami nikachota maduka, yanayokula bila kuzaa, Asma atasoma na nini? Mwenzetu Papa Habarurema anaomba dua usiku na mchana achote pesa. Sokoni kote watu wanaogopa kikaratasi.

Shangazi yako,
Kuluthumu

*

Bukavu, tarehe 20 Mei 2021

Shangazi mpendwa,

Baada ya salamu na kukutakia afya, naomba radhi. Niliandika hoja zote nikaacha lililo la msingi, kwa kudhani kila mtu analijua. Hakuna kikaratasi. Kila mwenye hisa za Ngurumo atapewa hisa katika kampuni zote tatu, kwa kiasi kilekile alichokuwa nacho. Malori yangegawanywa hivyo, ungekuwa na theluthi ya Fuso, na Baba angekuwa na theluthi ya lile la Walikale.

Aidha, nirekebishe ahadi yangu. Wakurugenzi watatu watalipwa mishahara mitatu, kwa hiyo huenda bei isipande upesi. Lakini tafadhali wasomee wenzako kabla ya kura. Boti inaondoka kesho.

Mwanao,
Ridhwani

*

Majengo, 16 Juni 2021

Ridhwani mutoto wangu,

Tuko hai, tumerudi nyumbani, al-hamdulillahi. Najua ulilia, maana simu zetu zilikuwa kimya. Mlima wetu wa volkano ulipowaka, moto ulisimama kabla ya kufika kwetu. Kisha tukaambiwa tuhame, tukaenda Sake na magodoro kichwani.

Mashine za Ngurumo zilikuwa zote katika nyumba moja. Ile nyumba ilipofungwa, intaneti, pesa, maduka, vyote vilizimika pamoja. Watu walikuwa na pesa kwenye simu na hawawezi kununua hata mandazi.

Barua yako Habarurema aliichukua bandarini, akakimbia nayo katika koti. Mkurugenzi wa Ngurumo alitaka kuahirisha mkutano wa kura. Mama Kaswera, muuza vitenge, akamwambia, "Papa, sisi wote tuko hapa Sake. Wanahisa wengine utawatoa wapi?" Tukakaa juu ya magodoro, Asma akasoma. Habarurema akauliza kwa huzuni, "Basi pesa sizichoti peke yangu?"

Nikamjibu, "Hapana, muzee. Utakula na sisi."

Tumekubali kugawa. Tumeongeza moja: kila kampuni iwe na nyumba yake, mbali na nyingine.

Shangazi yako

*

Goma, 9 Machi 2025

Mutoto wangu, mukubwa wa ofisi huko Kampala,

Salaam, na Ramadhani karimu. Habari za kazi? Sisi wazima, usisikilize redio sana. Waasi walipoingia mwezi wa kwanza tulilala chini ya vitanda, sasa tumeshatoka.

Umeniuliza kama mwanahisa alipata faida. Bei ya hisa haikupanda ulivyoandika mara ya kwanza. Ilipanda ulivyoandika mara ya pili, kidogo sana. Benki zimefungwa, kwa hiyo kampuni ya pesa imelala. Maduka yameporwa mpaka milango. Lakini antene zinafanya kazi, kila mutu anatafuta wa kwao kwa intaneti, na mwezi huu zimetulipa mkononi. Ingekuwa Ngurumo ya zamani, mapato hayo yangekwenda kununua milango.

Jana mutu alikuja kununua hisa zangu za maduka kwa bei ya nyanya. Nimemfukuza. Milango hurudishwa.

Asma amemaliza uuguzi, anafanya kazi hospitali ya Keshero. Ameingia sasa hivi, anavua viatu, anauliza kwa nini nacheka na simu. Nimemwambia angoje, nakuandikia wewe, na uji wa futari uko tayari.

Shangazi yako,
Kuluthumu