Vifungo vya Marehemu Mjerumani

Jumanne usiku

Na bado nampenda, hata kama amenuna tangu jioni kwa sababu ya vifungo.

Marwa wangu hukusanya vifungo vya sare za askari wa Kijerumani wa vita vya zamani. Jembe la ng'ombe huvifukua shambani, naye huvihifadhi kwenye kopo vikiwa na kutu yake ya kijani. Leo mimi, bibi harusi mpya, nikitaka mama mkwe aone ninavyojituma, nilivisugua kwa majivu pamoja na sufuria. Viling'aa!

"Mke wangu, ile kutu ndiyo uzee wake! Nani ataamini si vya dukani?"

Mama mkwe akadakia, "Wewe Marwa, umeoa huyu binti au umeoa Mjerumani?"

Nilicheka, halafu nikaogopa. Nimeharibu kitu alichokipenda kabla yangu, na hakirudi.

Sasa hivi Marwa ameingia chumbani amevaa shati la kanisani, sindano mkononi. "Umevifanya vipya, basi nishonee nivivae."

Nimeshona cha kwanza kifuani pake, uzi nikaukata kwa meno. Alitabasamu, jamani, lile tabasamu!

Marehemu Mjerumani anisamehe. Hivyo vifungo nitavifungua mimi.