Mawifi Wanasema Namtumikisha Mama Yao

Mshauri wetu mpendwa, nisaidie, humu ndani nimeshakuwa adui na kosa langu ni kumtii daktari. Ninaishi na mama mkwe, ana sukari na presha, nilimpeleka kliniki tukitegemea vidonge vipya, daktari akamwona anavyoinuka kitini kwa kuvutwa, akasema, “Mama, vidonge ni vile vile, ninachokuongezea ni kutembea kila siku na kazi ndogo ndogo za nyumbani,” basi nikawa natembea naye polepole mpaka sokoni, tukirudi anafagia ua, na kweli akaanza kupanda ngazi bila kushika ukuta. Siku moja mawifi zangu wawili wakaingia bila hodi, wakamkuta mama yao na ufagio, mimi nimekaa nachambua mchele, weee! “Mama yetu ndiye mtumishi wako?” Na kilichoniuma zaidi, mama mkwe mwenyewe, aliyekuwa akiimba, akaachia ufagio, akashika kiuno, akasema, “Acheni tu wanangu, nimeshazoea.” Tangu hapo hatoki kitandani hata kwa chai, mume wangu ananiambia niyaache yapite, na jana nilimwona mama akijaribu kusimama, akashindwa. Nifanye nini?

Mkwe Mbaya

Mwanangu, pole. Kusingiziwa na mtu unayemkanda miguu kunauma. Lakini umeniudhi. Wifi angevitupa vidonge vya mama jalalani, ungenyamaza? Mazoezi yale ni dawa vile vile, na umekubali yatupwe. Tena siku nyingine mama akifagia, nawe usikae, shika kazi ya kusimama, wenye macho wasipate la kusema.

Mama mkwe usimchukie. Wanawe huja mara moja moja, na akilala ndipo wanakaa naye. Nani hapendi kudekezwa?

Kushindwa kusimama si jambo la kungoja. Kesho kliniki, na mumeo awe mbele, ni mama yake huyo. Akikwambia uyaache yapite, mwambie yatapita na mama. Mawifi nao waende, wamsikie daktari kwa masikio yao, kisha wagawane siku za kuja kumtembeza. Anayempenda mama avae viatu.

Daktari akiruhusu, anzeni upya taratibu, kitandani hadi sebuleni, na chai imngoje huko. Atanuna, ataita wanawe, atashika kiuno. Wewe mpe mkono, usimpe trei.