Mlango wa Jikoni Ubalozini

Dada yangu mpenzi,

Baada ya salamu nyingi, na baada ya kukuulizia goti lako na kikohozi cha shemeji, nakutangazia rasmi, kwa heshima na taadhima, kwamba mlango wa jikoni wa ubalozi umeacha kulia. Sisi huku wazima, tunashukuru.

Jumba lenyewe unalijua kuliko mimi. Ulikulia humo likiwa la tajiri wa ngozi, baba yetu akiwa mpishi wake, nasi tukilala chumba cha nyuma. Tajiri alipofilisika likawa shule ya ushonaji, kisha ghala la chumvi, mpaka hawa wageni walipolipanga na kupandisha bendera. Nami ndiye mtunza jengo. Nyumba moja imenilea mara mbili. Niseme nini zaidi ya ahsante?

Basi ukaja ukarabati. Fundi mkuu, tunayemwita Bomoabomoa, akasema fremu ya mlango wa jikoni imeliwa na mchwa, ing'olewe ikawe kuni. Unajua baba hakuacha hata picha. Nilipomsihi aiache, alicheka mpaka akakaa chini, akaniuliza kama nimeichumbia.

Kwa bahati Mheshimiwa Balozi alikuwa anapita. Akaona ile mikato kwenye mbao, akashika kidevu, akaniuliza kama ni kweli kwamba zamani watu walipigana kwa mapanga mlangoni pale.

Dada, nakiri kwako tu. Nilijibu kwamba ilikatwa kwa chuma kikali na mwanamume mwenye sauti ya radi, na kwamba waliosimamishwa pale walifumba macho, mmoja akalia. Uongo uko wapi? Ni baba na kisu chake cha nyama, akitupima urefu kila mwaka. Na aliyelia ni wewe.

Bomoabomoa akaambiwa athubutu kuigusa aone. Fremu ikapigwa dawa, ikawekewa kioo na taa yake. Sasa wakubwa wa dunia huinamisha vichwa mbele ya kimo chako cha miaka saba. Kila asubuhi nikifuta kioo namshukuru Mungu, namshukuru baba, namshukuru na Balozi kwa kupenda vita.

Wasalimie wapwa zangu wote, na shemeji ajiepushe na vumbi, kikohozi kipone.

Mdogo wako asiyerefuka,
Kisoda

Nilisahau: kioo kimeziba mlango wote. Chakula tunakipitishia dirishani.