Mpaka Muswada Usomwe

4 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, miguu tu ndiyo inalalamika. Kichuna wangu hajambo? Kifua kimepona?

Mama, Ijumaa siji. Sisi wa kantini ya Bunge tumefutiwa likizo mpaka ule muswada wa ardhi usomwe. Walisema siku tatu tu. Sasa wanagombania siku ya kuusoma! Upande wa serikali unataka leo hii, wapinzani wanataka wananchi waulizwe kwanza. Nasimama mlangoni na birika langu, nasikia "lini, lini" kutwa nzima. Yaliyomo ndani ya muswada wenyewe hakuna anayeyataja. Lakini mpishi kasema wiki ijayo, iwe isiwe, wanamaliza. Mwambie mwanangu naja.

Mwanao

17 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Tu wazima, kifua kimepona. Hiyo wiki ijayo yako imepita. Sikulaumu, nasema tu.

Kichuna anatembea. Juzi katoka kitandani hadi mlangoni bila kushikwa. Sasa mimi nilikosea, nilimwambia mama yake yumo ndani ya redio, huko wanakopiga kelele. Basi wakianza tu kupayuka anabeba kijiko cha uji, anailisha redio. Fundi kaikausha mara mbili. Jana mbunge mmoja kafoka, mtoto akaangua kilio, akaiambia redio, "Mama, acha."

Mama yako

26 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea stoo, nimekaa juu ya gunia la sukari. Mpishi akauliza nani kafa. Nikamwambia hajafa mtu, mwanangu anatembea.

Leo wamepiga kura. Si ya muswada, Mama, ya tarehe! Kura zikalingana, wakazozana weee, Spika akaahirisha mpaka Jumatatu. Nikamfuata msimamizi wa kantini kuomba ruhusa.

"Dada, vumilia, hili ni suala la taifa."

"Kaka, na mimi nina mtu wangu mmoja katika taifa hilo, hata sauti yangu haijui."

Akasema nikiondoka, nafasi yangu anapewa mwingine. Nikamkabidhi birika. Lilikuwa lingali la moto, akalipokea kwa mikono miwili.

Kazi nitapata, Mama, mikono ninayo. Barua hii usiijibu. Jibu halitanikuta huku, naja.

Mwanao