Nyekundu Wakati wa Radi

Marahaba, mjukuu wangu Sabina. Sisi ni wazima, na ulezi umeshika vizuri.

Umeuliza kwa nini ngurumo zikianza naifunika kanga ile picha uliyoniletea, chapa ya rangi ya wachunga mbuzi wawili wapenzi wa hadithi ya Wagiriki wa kale. Msichana yule kavaa nyekundu, na huku kwetu tunasema radi hufuata nyekundu.

Usichanani nilikuwa nachunga na babu yako, radi ikapasua mti karibu yetu. Alininyang'anya shuka langu jekundu, akajitanda yeye, akakimbilia uwandani peke yake. Nilimwita mpaka sauti ikakauka.

Alirudi mzima. Hadi leo sijui kama radi hufuata nyekundu kweli. Babu yako aliamini hivyo, na bado akalivaa shuka langu.

Bibi yako